Joto Halimfanyi Mtu Kuwa Mvivu

Kuanzia Desemba hadi Machi simu yangu haitulii. Mimi ni fundi viyoyozi hapa Dar es Salaam: najaza gesi, nabadilisha kapasita, naosha filta zilizoziba vumbi. Kazi hii imeniingiza kwenye ofisi za Posta, saluni za Sinza, maduka ya Kariakoo, nyumba za Masaki, na siku hizi hata vyumba vya kupanga kule Tabata. Mteja akinipigia Julai ananisalimia, anauliza kama watoto hawajambo, ananiambia nije nikipata nafasi. Mteja huyohuyo akipiga Februari anaanza na "Fundi, uko wapi?" Simlaumu hata kidogo. Najua usiku aliotoka nao.

Hali ya hewa ndiyo inayonilisha, kwa hiyo naifikiria sana. Na kuna kauli moja inayonikera kila ninapoisikia: kwamba watu wa Pwani ni wavivu kwa sababu ya joto, na kwamba Ulaya imeendelea kwa sababu ya baridi. Nimeisikia nyumbani kwetu Njombe. Nimeisikia kwa mabosi wanaotaka kiyoyozi kishushwe hadi 16 halafu wanavaa koti. Huwa inasemwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, la kumalizia mazungumzo. Nataka kuipinga kwa moyo wote, maana imeharibu namna tunavyojitazama, na naamini imeharibu hata nyumba tunazojenga.

Sikatai kwamba joto linamgusa mtu. Linamgusa sana. Mwili unatakiwa ukae karibu na nyuzi 37, na ukifanya kazi unazalisha joto ambalo lazima litoke. Njia kuu ni jasho, lakini kutoka jasho peke yake hakupozi. Kinachopoza ni lile jasho kukauka juu ya ngozi. Sasa hewa ya Dar mwezi wa pili imeshiba maji. Kipimajoto kinasema 32 tu, lakini jasho linabaki hapohapo mgongoni, halina pa kwenda. Usiku mwili unataka ushushe joto lake kidogo ndipo usingizi uje, na chumba chenye bati lililopigwa jua tangu asubuhi hakiuruhusu. Mtu analala vipandevipande. Asubuhi anapanda daladala, konda anamzungusha chenji ya shilingi mia mbili, na pale Mbagala Rangi Tatu unasikia maneno ambayo Julai yasingetoka. Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali na wameona uhusiano huo: joto likipanda, hasira na ugomvi huelekea kupanda nalo.

Lakini hasira ya mtu ambaye hajalala ni jambo moja, na tabia ya taifa zima ni jambo lingine kabisa. Wanaorudia ile kauli huruka kutoka hapa hadi pale bila daraja.

Nimezaliwa Njombe, mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai kuna asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu, na bustani ya viazi inaweza kuungua kwa baridi usiku mmoja. Maisha ya kule yako ndani. Saa mbili usiku milango imefungwa, watu wamezunguka moto jikoni, na mazungumzo ni ya wenye nyumba wenyewe. Nilipokuja Dar nikiwa kijana, kilichonishangaza zaidi ya bahari ni kwamba watu wote walikuwa nje. Saa nne usiku Magomeni watoto wanacheza, wazee wako barazani na kahawa chungu, bao linapigwa chini ya taa, mama anakaanga mihogo kando ya njia. Jirani anajua umekula nini, mgeni wako katoka wapi na mkeo kakasirikia nini.

Watu wa kwetu hawakuumbwa wakimya, wala wa Pwani hawakuumbwa wachangamfu. Chumba cha joto kinakutoa nje, na ukishakaa nje huwezi kupitwa na mtu bila kumsalimia. Miaka ikipita hivyo, salamu zinarefuka, utani unakomaa, mashairi yanapata wasikilizaji, na taarabu inapata uwanja. Mimi mwenyewe, mtoto wa moto wa jikoni, leo ni mtu wa baraza. Sikubadilika damu.

Baridi nayo ina mzigo wake ambao wanaoisifu hawautaji. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake, huko Marekani, walieleza kitaalamu huzuni inayowarudia watu kila majira ya baridi, mchana unapokuwa mfupi, na ambayo hupungua mgonjwa akikalishwa mbele ya taa kali. London mchana wa Desemba haufiki saa 8, wa Juni unazidi saa 16. Hapa kwetu tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote haifiki saa moja. Ndiyo maana tumeweza kuhesabu saa zetu kuanzia mapambazuko, na saa moja asubuhi ikabaki ni asubuhi mwaka mzima. Jua la Dar linachosha, lakini lina uaminifu ambao mtu wa London angeutamani mwezi wa kumi na mbili.

Halafu kuna mvua. Kwetu Njombe mvua za kwanza zikianza, baba yangu alikuwa anatoka na kusimama nje kuzisikiliza. Zilikuwa mahindi, ada ya shule, kila kitu. Hapa Dar nina wateja ambao wakisikia ngurumo usiku wa Aprili wanageukia upande wa pili na kuvuta shuka, wamefurahi kwamba leo kutakuwa na ubaridi. Na nina rafiki aliyekuwa anaishi Jangwani, karibu na Mto Msimbazi. Yeye ngurumo ileile ilikuwa inamwamsha kuweka vyeti vya watoto kwenye mfuko wa plastiki. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua ni ileile, wingu ni lilelile. Hisia ya mtu inaamuliwa na mahali nyumba yake iliposimama, na mahali hapo panaamuliwa na mfuko wake.

Kwa hiyo mtu akiniambia hali ya hewa inaumba hisia, namuuliza: ya nani?

Hii habari ya joto na uvivu ina umri mrefu, na imesemwa na watu wenye akili kubwa. Ibn Khaldun wa Tunis, mwanachuoni ninayemheshimu, aliandika mwaka 1377 kwamba ustaarabu kamili uko kwenye kanda za katikati, zisizo na joto kali wala baridi kali, na kwamba joto huwafanya watu wa kusini kuwa wepesi wa furaha na wasiofikiria kesho. Mwaka 1748 Montesquieu, Mfaransa, akaja na yake: hewa ya joto hulegeza mwili na kumwondolea mtu ujasiri, hewa ya baridi humkaza. Wakoloni waliofuata walizipokea hoja za namna hiyo kama zawadi.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 1331, miaka 46 kabla Ibn Khaldun hajaandika hayo, msafiri Ibn Battuta wa Tangier alishuka Kilwa, nyuzi 9 kusini mwa ikweta, joto na unyevu kama huu wa kwetu. Akauandika kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Zama hizohizo lilikuwako jumba la Husuni Kubwa, juu ya mwamba unaotazama bahari, na msikiti mkuu uliojengwa kwa matumbawe. Dhahabu ilikuwa inatoka nyanda za Zimbabwe, inashuka bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, inapita Kilwa, inakwenda Uarabuni na India. Watu "wasiofikiria kesho" walikuwa wanapanga biashara ya mwaka mzima mbele.

Na walipangiwa na nini? Na upepo. Desemba hadi Machi Bara la Asia limepoa, hewa nzito inateremka kuelekea kwetu: hiyo ndiyo kaskazi, iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na India. Ifikapo katikati ya mwaka bara lile limechemka, hewa inapanda, upepo unageuka: hilo ndilo kusi, lililowarudisha. Kilwa ilipata bahati ya kukaa karibu kabisa na mwisho wa mahali ambapo chombo kutoka Uarabuni kingeweza kufika na kurudi ndani ya mwaka mmoja wa pepo. Ukitaka kwenda kusini zaidi, uwe tayari kusubiri msimu mwingine. Kwa hiyo watu wa Kilwa wakaishika njia ya Sofala.

Hapo napenda kutulia kidogo, kwa sababu ndipo hoja yote ilipo. Injini ya pepo hizo ni joto. Jua linapochemsha nchi kavu kuliko bahari, hewa inatembea. Joto lililosemwa kwamba linadumaza ustaarabu ndilo lililokuwa linausukuma tangani. Na kule kusubiri upepo ugeuke, miezi kadhaa mgeni akiwa amekwama bandarini, ndiko kulikozaa mambo tunayoyaita ya kwetu: ndoa za wageni na wenyeji, mikopo ya kuaminiana, misikiti, mapishi ya viungo, lugha inayozungumzika na kila anayeshuka. Mtu mwenye haraka hukaa siku mbili na kuondoka. Upepo ulimnyima haraka, akakaa, akajifunza jina la mama mwenye nyumba.

Pale Feri niliwahi kumfungia mtu jokofu la samaki, na mzee mmoja, nahodha wa mashua zamani zake, alikaa akiniangalia nikifanya kazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, tukaanza kuongea habari za pepo. Nikamuuliza juu ya hiyo kauli ya uvivu. Hakukasirika. "Mwanangu," akaniambia, "kusi likikaza sisi hatutoki. Tunashona tanga, tunakalafati chombo, tunatengeneza nyavu. Mtu anapita mchana anatuona tumekaa kivulini. Yeye usiku tuliokuwa baharini hakuwepo." Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi. Mnada wa samaki pale unachangamka alfajiri. Mafundi ujenzi wa jiji hili wanaanza kuchanganya zege kabla jua halijapanda. Mkulima wa Mkuranga yuko shambani saa kumi na mbili. Mgeni anafika saa saba mchana, anamkuta mtu kalala chini ya mwembe, anaandika "mvivu" kwenye daftari lake. Kupumzika saa saba mchana wa Februari ni akili. Anayepiga jembe saa hiyo ndiye wa kuhurumiwa.

Watu wa Pwani waliijua hali ya hewa yao hata wakaipangia kalenda. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, unahamahama katika majira, hausaidii kujua lini utweke tanga au lini upande. Wakatumia Nairuzi, mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi, wakazihesabu siku zake kwa miongo, kumi kumi. Mpaka leo Makunduchi, Unguja, wanauingiza mwaka huo Julai, na Mwaka Kogwa unaanza kwa wanaume kuchapana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishe, kisha wanakula pamoja. Nikiwaza hasira za Februari za wateja wangu, naona wale walikuwa na dawa yao tayari.

Sisemi kwamba hali ya hewa inaacha kila mlango wazi. Sahara ilikuwa na maziwa na viboko miaka 8,000 iliyopita. Ilipokauka, watu walisogea kuufuata Nile, na kilichofuata pale kila mtu anakijua. Huku kwetu mbung'o ametunyima mengi. Katika maeneo makubwa ya bara ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa ugonjwa wake, hivyo hakukuwa na mkokoteni wala plau, na mzigo wa kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ulisafiri juu ya vichwa vya watu. Na tufani moja tu, ya Aprili 1872, iling'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Mambo kama hayo hayana ubishi. Ila angalia: mdudu, upepo, ukame. Hakuna hata kimoja kilichopitia kwenye uvivu wa mtu.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, yaani nyumba.

Nyumba ya Kiswahili, ile ya Ilala, Magomeni na Kariakoo ya zamani, ni kazi ya watu waliolielewa joto. Baraza mbele, lenye kivuli. Mlango wa mbele, korido ndefu ya kati, vyumba huku na huku, halafu mlango wa nyuma unaotoka uani. Milango miwili ikiwa wazi, upepo unapita nyumba nzima. Jiko liko uani, kwa hiyo moto wa kupikia haulali na watu. Paa la makuti halitunzi joto. Jua likizama, nalo limepoa. Na zile za mawe, za Unguja na Kilwa, zina kuta nene zinazochelewa kupata moto, na vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuwa ndefu, nao wembamba huo ukasaidia hewa kupita.

Jiji nalo liliwekewa mipaka, na joto likawa sehemu ya mgawanyo huo. Wajerumani, walioifanya Dar es Salaam kuwa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, walijenga majumba yao upande wa bahari, na varanda pana. Waingereza wakaiweka Oyster Bay kwa ajili ya Wazungu. Wahindi wakawa na mtaa wao, Waafrika wakapangiwa Kariakoo, mbali na ufuko. Upepo wa bahari uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Nikipita huko na pikipiki yangu mchana, kutoka Kariakoo hadi Barabara ya Toure, kando ya bahari kule Oyster Bay, naisikia mipaka hiyo usoni mpaka leo, ila siku hizi inalindwa na bei ya kiwanja.

Kinachoniuma ni kwamba sisi wenyewe tumeacha kujenga kama tunaishi hapa. Naitwa kwenye nyumba mpya, nzuri, tofali za saruji, bati la rangi, jipsamu, jiko ndani. Madirisha ni ya alumini, ya kuteleza, ambayo hata ukifungua yote ni nusu tu ya uwazi inayopitisha hewa. Ukuta wa uzio una kimo cha kuzuia mwizi na upepo pamoja. Hakuna baraza; kuna kibaraza cha kuvulia viatu. Mwenye nyumba anafuta jasho ananiambia, "Fundi, Dar kumezidi joto." Kweli joto linaongezeka duniani, na mimi sina shaka nalo. Lakini ile nyumba ingekuwa jiko hata miaka hamsini iliyopita.

Kiyoyozi si adui. Willis Carrier alikitengeneza mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, kwa sababu unyevu ulikuwa unavimbisha karatasi na rangi hazikai mahali pake. Kilianza kama mashine ya kutoa maji hewani, na kila ninapofunga bomba la kutolea maji nje ya dirisha namkumbuka. Lee Kuan Yew wa Singapore, nchi iliyo nyuzi moja na kidogo tu kaskazini mwa ikweta, alisema wazi kwamba kiyoyozi kilibadili nchi yake, na kwamba jambo la mapema alilofanya akiwa waziri mkuu ni kukifunga kwenye ofisi za watumishi wa umma. Wengi wanaitumia habari hiyo kuthibitisha kwamba joto lilikuwa laana mpaka mashine ilipokuja. Wanasahau kwamba Singapore ilikuwa bandari yenye shughuli kabla ya mashine hiyo, na majahazi ya China yalikuwa yanaifikia kwa pepo za msimu kama zetu.

Ila mashine hii haiui joto. Inalihamisha. Ninalolitoa chumbani kwa mteja nalitupa nje, pamoja na joto la kompresa yenyewe, na mara nyingi nje hapo ni kichochoro cha mtu anayelala dirisha wazi. Katikati ya Kariakoo, ghorofa zilipobanana, ukisimama nyuma ya jengo saa nane mchana utaona ninachosema. Nimeanza kukataa kufunga mashine ya nje ikielekea dirisha la jirani, hata mteja akinuna. Wengine wamenikimbia.

Mwaka jana dada yangu alianza kujenga Chanika, na nikamwomba anisikilize kabla fundi wake hajamwaga msingi. Tulibishana sana, yule fundi ana ramani moja anayoipenda. Mwishowe kuta ndefu zikaelekezwa kusini na kaskazini ili jua la jioni lipate ukuta mfupi. Madirisha ni ya kufunguka yote, yenye nyavu. Korido inapita moja kwa moja mpaka uani, juu ya kuta kuna matundu ya hewa, jiko liko nje, na upande wa magharibi tumepanda miarobaini ambayo bado inafika magotini. Baraza lina upana wa kutandika mikeka miwili. Kiyoyozi hajaniomba. Akiniomba nitafunga kimoja, chumbani kwa mama yetu aliyehamia kutoka Njombe, maana umri wake umekwenda na usiku wa Februari ni mzito kwake.